Mama Mifupa na Herufi Mbili

Ofisi niliyofanyia kazi kwa miaka kumi na moja iliitwa Ofisi ya Wafadhili, na kazi yake ilikuwa kuwashukuru watu. Usidhani ni kazi ndogo. Mtu akiipa hospitali yetu ya kufundishia madaktari kitu chochote, kuanzia jengo hadi beseni, lazima ashukuriwe kwa barua, kisha kwa hafla, kisha kwa kibao ukutani. Asiposhukuriwa sawasawa hununa, na akinuna humpigia simu mkuu wa ofisi, na mkuu wa ofisi humshukia karani. Karani ni mimi. Kwa hiyo nikisema siamini sana ukarimu wa watu wenye magari makubwa, sisemi kwa wivu. Nimewaandikia shukrani mpaka nikachoka na neno lenyewe.

Kiongozi wao alikuwa tajiri mmoja wa saruji, na sisi makarani tulimwita Bwana Saruji. Alitoa vitanda ishirini kwa wadi ya wanawake, akataka kila kitanda kiandikwe jina lake upande wa kichwani, herufi nyeupe juu ya chuma cha kijani. Wagonjwa wakazoea. Ungemsikia mama wa watu kwenye foleni ya dawa akimwambia mwenzake kwamba wiki ya pili sasa analala kwa Bwana Saruji, na mumewe kasimama pembeni hajui acheke au akasirike. Alitoa pia hadubini ya utafiti, mpya kabisa. Ikafungiwa kwenye kabati la kioo mlangoni mwa jengo la utafiti isije ikaharibika, ufunguo akakaa nao mkuu wa ofisi, ikawa inatolewa siku mwenyewe anapokuja kupiga nayo picha. Daktari aliyekuwa akitafiti magonjwa ya figo aliendelea na hadubini yake kuukuu, ile ya kunasa mwanga wa dirishani kwa kijioo, na siku za mawingu alirudi nyumbani mapema. Juu ya kabati kulikuwa na kibao cha maandishi ya dhahabu: Kutoa ni moyo, si utajiri. Maneno hayo niliyachagua mimi, na nilikuwa nacheka nikiyachagua.

Kitu kimoja nilijivunia pale ofisini, nacho ni Kiswahili changu. Hakuna kosa lililopita mbele ya macho yangu. Fundi wa vibao aliwahi kutuletea kibao cha chumba cha upasuaji mdogo, ameandika "Chumba cha Upuuzi Mdogo," na tayari alikuwa amekipigilia misumari. Nilimrudisha na kibao chake huku nikiwaita makarani wa ofisi zote tatu waje waone. Aliinamisha kichwa, akaondoka na nyundo yake. Kwa mwaka mzima kila nilipokutana naye kwenye korido nilimuuliza upuuzi haujambo.

Sasa, mtu ninayetaka kusimulia habari zake hakuwahi kuandikwa kwenye kibao chochote. Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, kwa hiyo kwangu ni Mama Mkubwa, lakini hospitali nzima ilimjua kwa jina la Mama Mifupa. Aliajiriwa akiwa msichana kufagia jengo la anatomia, pale wanafunzi wa udaktari wanapojifunza mwili wa binadamu kwa kupasua maiti. Mfagiaji aliyemtangulia alikimbia siku ya tatu, akaacha hata viatu. Mama Mkubwa alikaa miaka thelathini na minne.

Ukumbi wenyewe una meza kumi na mbili za chuma, mitaro midogo sakafuni, madirisha yaliyo juu sana mtu asichungulie, na harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, inayokutoa machozi kabla hujavuka kizingiti. Yeye machozi yalimwishia mwaka wa kwanza. Alijifunza kuunga mifupa kwa waya mpaka ikasimama mtu mzima, akajua jina la kila mfupa kama wanavyolijua maprofesa, isipokuwa aliyatamka kwa namna yake: femuri, skapula, klavikula. Wanafunzi waliokuwa wakifeli walimfuata kwenye kistoo chake cha mifagio, akawapanga kwenye ndoo zilizopinduliwa, akawauliza mfupa mmoja mmoja. Baadhi yao leo ni mabingwa wenye vitambi, wanapita na makoti meupe, na alipokutana nao aliwauliza palepale mbele za wagonjwa wao kama bado wanachanganya mfupa wa kushoto na wa kulia.

Shuka zilizochakaa za wadini alizikusanya, akazifua, akazishona ziwe vifuniko vya maiti, kwa sababu chuo hakikuwa na vifuniko na hakuna mfadhili anayetaka jina lake liandikwe kwenye kitambaa cha namna hiyo. Nilimwuliza mkuu wangu siku moja kama tungeweza kuomba vifuniko. Akaniuliza nani atapiga picha navyo.

Na alikuwa na sheria yake moja. Hakuna mwanafunzi aliyegusa kisu kabla hajasalimia. Wanafunzi walisimama kuzunguka meza zao, wakasema kwa pamoja, "Shikamoo, mwalimu." Maiti ndiye mwalimu. Kwa kuwa mwalimu hawezi kuitika, Mama Mkubwa aliitika kwa niaba yake, akiwa amesimama mlangoni na ufagio.

"Marahaba. Kucha mmekata?"

Kucha ndefu hutoboa glavu, na hilo alilihangaikia kuliko mitihani yao. Wageni wa Bwana Saruji walipotembezwa pale mara moja, mmoja alicheka, akamwuliza kama maiti wanalipwa mshahara wa ualimu. Mama Mkubwa alimtazama miguuni, akamwambia amesimama kwenye mtaro. Nami nilicheka, nakiri, ila si kwa mtaro. Nilicheka ile shikamoo. Niliona ni vituko vya mama wa watu aliyekaa sana na wafu.

Siku nyingine nilimwuliza kwa nini anajisumbua, wafu hawasikii. Tulikuwa kwake, chumba kimoja na ukumbi mdogo, anachambua mchele kwa kuushika karibu na pua maana macho yalikuwa yameanza kuingia mtoto wa jicho. Akaniambia wale watu mezani ni wale waliokosa ndugu wa kuja kuwachukua. Polisi wanawaleta, siku zinahesabiwa, hakuna anayetokea, wanapewa chuo.

"Hawakuulizwa, mwanangu," akasema. "Wamefundisha madaktari wote hawa na hakuna aliyewauliza. Nataka siku moja pale mezani alale mtu aliyeulizwa akakubali."

Miaka mitatu kabla hajafa, profesa wa anatomia, mtu mfupi mwenye sauti nzito aliyefundwa mifupa kwenye ndoo za Mama Mkubwa, alianzisha mpango. Mtu mwenye hiari aandikishe akiwa hai kwamba akifa mwili wake uende chuoni, madaktari wajifunzie. Ukaitwa Mpango wa Mwili kwa Mafunzo. Kwa kuwa na huko nako ni kutoa, fomu zikatua mezani kwangu. Mkuu wa ofisi alizishika kwa ncha ya vidole, akasema kazi ya mizoga apewe nani tena kama si mimi, ndugu yake Mama Mifupa. Niliandaa fomu mara moja kwenye kompyuta, kwa haraka, kwa sababu siku ileile kulikuwa na hafla ya vitanda. Kuanzia hapo kila aliyekuja nilibadilisha jina tu, nikachapisha.

Mama Mkubwa alikuwa wa kwanza. Alivaa gauni lake la kijani la sherehe, akaketi kwenye kiti cha wageni wa heshima, akaniambia nimsomee maana herufi zilikuwa ukungu kwake. Nikamsomea kuanzia juu hadi chini, polepole, kwa ile sauti yangu ya hafla. Akaniambia nirudie ule mstari wa katikati. Nikarudia. Akaweka sahihi. Akauliza kama kuna kibao, nikamwambia hakuna, akasema afadhali, misumari inaharibu ukuta.

Baada yake walikuja wengine wanane. Wawili kati yao, mwalimu mstaafu wa hesabu na fundi cherehani, walifariki mwaka uliofuata, na miili yao haikufika chuoni. Profesa alilalamika mbele yangu kwamba masijala ilipofungua majalada ilikuta wote wawili wamejiondoa kwenye mpango. Watu wa siku hizi hawana msimamo, akasema. Nilifurahi kupata watu wapya wa kudharau. Nilikwenda kwa Mama Mkubwa nikamsimulia, nikawaigiza wale marehemu wanavyotetemeka wakifikiria kisu, wanavyorudi kinyumenyume ofisini kufuta majina. Mama Mkubwa hakucheka.

"Yule mwalimu hawezi kujitoa," akasema. "Namjua. Nyie mtakuwa mmekosea mahali."

Nikamwambia sisi hatukosei, tuna kompyuta.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka jana. Alilazwa wadi ya wanawake, na kama ulivyokisia, kitanda kikawa cha Bwana Saruji. Alilala chini ya jina la mtu aliyewahi kumpita mlangoni mara sita bila salamu. Alipoona naliangalia lile jina akaniambia niache, godoro ni zuri. Hakuogopa kufa. Alichoogopa ni kitu kimoja, na alikiuliza kila siku, asubuhi na mchana.

"Fomu yangu ipo?"

"Ipo, Mama Mkubwa."

"Uliisoma vizuri?"

"Niliisoma vizuri."

Alifariki Jumanne saa nne asubuhi, wauguzi wakibadilisha shuka za jirani. Mwili ukifika chuoni umechelewa haufai tena kuhifadhiwa kwa dawa. Profesa alitupa mpaka kesho yake adhuhuri.

Hapo ndipo alipoingia Mjomba. Ni kaka yao mkubwa, mwenyekiti wa kamati zote zinazohitaji mwenyekiti. Sijapata kuona mtu anayependa kipaza sauti kama yeye. Katika ugonjwa ule wa wiki tano alifika mara moja, akasimama mlangoni mwa wadi akipokea simu. Lakini kufikia Jumanne alasiri alikuwa ameshaagiza mahema, viti na mtu wa kupiga picha, na alipoambiwa hakuna jeneza kwa sababu marehemu ameutoa mwili wake kwa chuo, alishika kiuno.

Akaniambia nisimletee mambo ya kizungu. Akauliza watu watasema nini, dada yake akatwekatwe na watoto wa shule kama hana kwao. Nikamjibu kwamba alikuwa na kwao, ila kwao hakukuwa na Mjomba. Mama yangu akaniambia nifunge mdomo. Mjomba akasema sawa, kama kuna karatasi aione, na asipoiona basi kesho asubuhi dada yake anazikwa.

Nililala vizuri usiku ule. Karatasi niliiandaa mwenyewe, nilitaka niuone uso wake akiisoma.

Asubuhi tulikuwa ofisini kwa profesa: mimi, mama, Mjomba na suti yake, na karani wa masijala aliyeleta jalada. Karani hakukaa. Alimwambia profesa kwa sauti ya chini kwamba huyu naye alijiondoa, kama wale wengine. Profesa akavua miwani. Mjomba akaomba jalada, akakohoa, akasoma kama anasoma risala:

"Aliyetajwa hapo juu amejitoa katika Mpango wa Mwili kwa Mafunzo kwa hiari yake, akiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mtu yeyote."

Akaweka karatasi mezani. Akasema yeye si msomi, lakini Kiswahili alikinyonya kwa mama yake, na mtu aliyejitoa ametoka. Dada alifikiri, akapata akili, akajitoa. Mama akaanza kulia kwa raha, maana na yeye moyoni hakutaka kile kisu. Profesa akasema kwa huzuni kwamba kama ndivyo, chuo hakina haki.

Niliivuta ile karatasi. Ule mstari nilikuwa nimeusoma kwa sauti mara mbili mbele ya Mama Mkubwa, na mara zote mbili nilisema "amejitolea," kwa sababu ndicho nilichotaka kuandika. Macho yalisoma kilichokuwa kichwani, si kilichokuwa kwenye karatasi. Herufi mbili, l na e, hazikuwepo. Chini kabisa, kwenye kona, zilikuwepo herufi nyingine mbili, za kwanza za majina yangu, ninazoweka kwenye kila barua kwa maringo.

Ningeweza kunyamaza. Nataka ujue kwamba nililifikiria hilo. Mama alikuwa amefurahi, Mjomba mahema yake yameshafika, profesa angelaumu tena watu wasio na msimamo, na mimi ningebaki kuwa mtu asiyekosea. Nani angeumia? Marehemu, na marehemu hasikii, nilishamwambia mwenyewe. Halafu nikakumbuka swali lake la kila siku pale kitandani. Hakuwa anaulizia fomu. Alikuwa ananiuliza mimi.

"Ni mimi," nikasema. "Nimekosea kuandika. Ni amejitolea."

Mjomba akacheka. Akasema kosa limejua kutokea siku nzuri. Profesa akaniuliza, bila ubaya, kama nina ushahidi wowote, maana mimi ni ndugu na kila mtu anajua nilikuwa upande gani.

Ushahidi nilikuwa nao, na ulikuwa unanishtaki mimi mwenyewe. Nikamwambia karani wa masijala alete majalada yote tisa. Akayaleta, tukayapanga mezani. Karatasi tisa, mstari wa katikati uleule. Wote tisa, siku ileile waliyokuja kujiandikisha, dakika ileile waliyoweka sahihi, wamejitoa. Profesa alipitisha kidole kutoka moja hadi nyingine, kisha akasimama kwenye mbili zilizopigwa muhuri mwekundu wa "Amefariki." Mwalimu wa hesabu. Fundi cherehani. Alinitazama tu, na mimi niliyewaigiza wakitetemeka nikawa ndiye ninayetetemeka. Walijitolea, mimi nikawatoa. Wahenga wamesema nyani haoni kundule, na mimi langu lilikuwa limechapishwa nakala tisa.

Niliandika maelezo yangu palepale kwa mkono, nikasaini jina zima. Kuhusu Mjomba nilikuwa nimejiandaa kumdharau mpaka mwisho wa maisha yangu, lakini hata hilo aliniharibia. Aliishika fomu ya dada yake, akauliza taratibu, "Kwa hiyo alitaka kweli?" Mama akaitikia kwa kichwa. Mjomba akaomba aonyeshwe mwili kabla haujapelekwa. Alipotoka huko suti ilikuwa na unyevu begani, sijui machozi ya nani. Mahema aliyarudisha, kipaza sauti akabaki nacho, akasomea wasifu nyumbani kwake mbele ya majirani, na ulikuwa mrefu na nusu yake ilimhusu yeye.

Profesa alinipa adhabu moja tu, niende mwenyewe kwa zile familia mbili. Miaka kumi na moja ya kuandika shukrani, sikujua barua ya kuomba radhi inaanzia wapi, kwa hiyo nilikwenda kwa mdomo. Mjane wa fundi cherehani alinipa maji, akasema yameshapita. Binti wa mwalimu hakunikaribisha ndani. Alisimama na mlango nusu wazi, akaniambia kwamba msibani, walipopewa mwili na kuambiwa baba kajitoa, walimcheka. Mzee aliogopa, walisema, na aliyeanza kucheka ni yeye mwenyewe, bintiye. Kisha akafunga mlango.

Mkuu wa ofisi naye alinipa adhabu yake. Karani aliyekosea kwa kiasi kile hawezi kuwashukuru watu wakubwa, akasema, anaweza hata akawaandikia wamejitoa wakati wametoa. Akanihamishia jengo la anatomia, kuandika lebo za meza na za mifupa. Alidhani ananizika. Fundi wa vibao nilikutana naye nikiwa nimebeba sanduku langu kwenye korido. Aliniuliza upuuzi haujambo. Nikamjibu haujambo, maana ilikuwa zamu yake.

Muhula mpya ulianza juzi. Sheria ya profesa ni kwamba hakuna anayeambiwa nani amelala meza ipi, nami sikuuliza. Meza kumi na mbili, vifuniko kumi na viwili, na mishono niliitambua yote. Wanafunzi wa mwaka wa pili, ambao walirithi ile salamu kutoka kwa waliowatangulia, walisimama na wenzao wapya kuzunguka meza, wakaonyeshana cha kusema.

"Shikamoo, mwalimu."

Wakubwa waligeuka kutazama mlangoni, kama walivyozoea, na mlangoni nilikuwa nimesimama mimi na bahasha yangu ya lebo. Wadogo wakawafuata kutazama. Wote walikuwa wanasubiri, na nikaona hakuna atakayegusa kisu.

"Marahaba," nikasema. "Kucha mmekata?"

Wakainama wote kutazama vidole vyao.